Leuntje na Jioni ya Vifurushi

Leuntje Wisse alifua nguo za watu tangu bahari ilipomchukua mumewe, na kule kisiwani Walcheren hakuna aliyewahi kumwona akiinamisha kichwa isipokuwa kanisani na kwenye beseni. Kila tarehe tano Desemba alijaza vifurushi kwenye kikapu cha kufulia: soksi, biskuti za viungo, na kwa kila binti yake chokoleti yenye umbo la herufi ya kwanza ya jina lake. Kila kifurushi kilikuwa na shairi la utani lisilo na jina la mtunzi, na aliyepewa alilazimika kulisoma kwa sauti, hata kama lilimchamba.

Mwaka mmoja wazee wa kanisa wakasema basi. Jioni hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ya Wakatoliki, nao ni Waprotestanti. Mchana mmoja Mzee Krijn Boogaard, mmoja wa wazee hao, akamjia, kofia mkononi, uso ameukunja.

"Bi Leuntje, nasikia unamwadhimisha mtakatifu humu ndani."

"Mtafute. Ukimwona mwambie avue viatu, nimepiga deki."

"Usinitanie, mama. Ukifanya sherehe yake, Jumapili usiguse meza ya Bwana."

Hilo lilimchoma. Meza ile ndiyo iliyomshikilia alipofiwa. Lakini chozi lake hakutaka Krijn alione.

"Mtakatifu simjui. Hapa kuna vifurushi, na kuna jioni. Basi ni jioni ya vifurushi. Kawaambie wenzako hivyo."

Pakjesavond, kwa Kiholanzi chao. Leo neno hilo limeenea nchi nzima, na wasomi wanasema asili yake ni kwingine, labda kwa wenye maduka. Waseme wapendavyo. Pale kijijini utaambiwa lilitoka mdomoni mwa dobi aliyekasirika, nami nawaamini.

Tarehe tano walifungua vifurushi mapazia yakiwa wazi, vicheko vikasikika hadi barabarani. Jumapili Leuntje akavaa kofia yake nyeupe, akaketi kwenye meza ya Bwana mbele ya watu wote, karibu na Tannetje, mke wa Krijn. Krijn alipofika na sahani ya mkate, akampa mkewe, akamruka Leuntje. Mkono wa Leuntje haukurudi. Ulibaki umenyooshwa, kanisa zima limekodoa macho, mchungaji amesahau alikuwa anasema nini.

Tannetje akaumega mkate wake vipande viwili, akaweka kimoja kwenye kiganja kile.

"Mwakani na mimi nifungie kifurushi," akasema, wala hakunong'ona.