Siku Figo Mpya ya Papa Ilipovuja

Siku ya tano baada ya Papa, baba yangu, kuwekewa figo huko India, Mama aliketi chini uani, mchana kweupe. Kwetu Tshopo mwanamke akiketi chini namna hiyo, majirani hawaulizi. Wanaleta viti vya matanga.

Kosa lilikuwa la miguu yake tu. Alikuwa amesimama akisikiliza ujumbe wa sauti wa Tonton, mdogo wake Papa, aliyetoa hiyo figo. Huyo Tonton hajawahi kuniazima hata chaja yake.

"Yaya, usiogope," alisema, maana mke wa kaka yake humwita dada mkubwa. "Mukojo inavuja ndani ya tumbo, pale walishona murija ya figo kwa kibofu. Bon, wamemurudisha kwa operesheni. Wakishindwa kuziba, figo inaweza kupotea."

Mtandao ukakatika, na nguvu za miguu ya Mama pia.

Jirani alichungulia juu ya ua. Nusu saa haikupita, tulikuwa na viti vya plastiki kumi na viwili, na bibi mmoja wa kikundi cha sala alishaanza kulia kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu.

"Bibi, ngoja kwanza," nikamwambia. "Papa hajakufa. Iko anakojoa tu mahali pabaya."

"Weye mutoto, hauna haya."

"Bibi, si mimi ninavuja."

Mama alinitazama kwa jicho la kuahidi kofi, kisha akacheka kidogo, palepale chini. Nilitaka aendelee, maana akinyamaza ningeanza kuifikiria ile figo. Hatukuwa na nyingine. Tonton amebaki na moja, na mimi walinikataa kwa sababu ya umri.

Hakuna aliyeondoka. Kubeba kiti chako kabla ya habari ni aibu, basi wakakaa, wakatumalizia makemba, ndizi zetu zote za kuchoma.

Alasiri Tonton akapiga. "Yaya, imekwisha. Walikata kale kapande kabovu ka murija, wakashona upya. Mukojo inapita njia yake. Angalia foto."

Ilikuwa foto ya mfuko wa plastiki, nusu umejaa, manjano. Simu ikapita mkono kwa mkono. Bibi wa sala akavaa miwani, akasema rangi iko muzuri, kuliko ya bwana yake. Mama akaituma kwa familia yote ng'ambo ya mto, Lubunga, halafu kwa pasta, bila neno moja la maelezo. Pasta akajibu "Amina", bila hata kuuliza ni nini.