Jogoo Aliyenunuliwa na Baba

Kiharusi kilimwachia baba miguu yake na akili zake zote, kikamnyang'anya maneno. Daktari alisema ni afasia. Huku Vudee watu wana majina yao: amelewa, amechanganyikiwa, anaringa. Mzee wa kanisa ambaye pombe hajawahi kuionja! Nimegombana na watu mpaka nimechoka.

Asubuhi ya Jumapili ya mavuno alinionyesha kwa kidole mama, aliyekuwa akichochea moto jikoni, akaweka mkono kifuani, kisha akaonyesha jogoo wa jirani, amefungwa miguu, anapelekwa kutolewa sadaka. Nikamuuliza taratibu, "Unataka kumnunulia mama?" Akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka. Tangu augue, mama ndiye anayemwogesha na kumfunga vifungo vya shati, na baba hajaweza kumwambia hata asante.

Kwetu sadaka za mavuno hunadiwa nje baada ya ibada, na anayeshinda hutaja mbele ya watu wote anamnunulia nani. Hapo ndipo baba alipotaka kusema.

Siku hiyo aliyenadi alikuwa mgeni, kijana mchangamfu kutoka Same mjini, na kipaza sauti chake. Bei ilipopanda baba alinyoosha mkono, ikapanda tena akanyoosha, mpaka jogoo akawa wake.

"Shikamoo mzee wetu! Haya, unampa nani?"

Baba akafungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikasimama nimsaidie, akaninyooshea kiganja nimwache, atasema mwenyewe. Nikabaki nimesimama.

Jamani, watu hawajui kunyamaza! Wangesubiri kidogo tu. "Mchungaji!" mmoja akadakia. "Mwinjilisti!" "Kwaya ya vijana!" Kila walipomtupia neno, lake lilimponyoka, akaanza upya. Nikapiga kelele, "Mpeni muda, anaelewa!" Nani anisikie mbele ya spika? Yule mgeni, kwa huruma kabisa, akamshika baba bega na kupaza sauti kana kwamba anaongea na kiziwi.

"Ni mchungaji, siyo? Basi, usijitaabishe, mzee wangu. Mchungaji, jogoo wako huyo! Makofi kwa mzee!"

Makofi yakapigwa kweli. Mchungaji akampokea jogoo, akambariki baba. Sasa ndugu yangu, utamnyang'anya mchungaji zawadi mbele ya kanisa zima?

Kule kwenye mabenchi ya akina mama, mama alipiga makofi kuliko wote, amefurahi kwamba mumewe ametoa. Baba alikuwa anamtazama.

Njiani nikaanza, "Mama, yule jogoo..."

Baba akanikamata mkono, akaubana kwa nguvu, akatikisa kichwa.

Mama akageuka. "Amefanyaje yule jogoo?"

Nikasema alikuwa mnono.