Ua Usio na Kivuli

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu: siku tuliyohamia mji wetu mpya kule Migato. Nyumba ilikuwa bado nguzo tupu. Mama mkwe akaja toka Lalago, kichwani kabeba kibuyu kilichopasuliwa, ndani yake miche ya mipapai, mipera na mzambarau.

Akamwambia mume wangu, Masanja, “Hii iingie ardhini kabla hujawaza mlango. Na uizungushie miiba, ng'ombe hawana heshima.”

Masanja akacheka. “Mayu, papai nitamuuzia nani? Hapo ni mstari wa pamba.”

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, malori yao yanagombania pamba mpaka milangoni. Kila mtu alilima hadi ukutani. Nami sikufichi, nilitaka bati. Miche ikakauka kibuyuni. Kila msimu tukasema, mwakani. Bati tukalipata, likang'aa, watu wakalisifu.

Kisha mama mkwe akaugua, tukamleta kwetu. Ugali haushuki. Mchana chini ya bati ni chungu kilicho motoni. Nje ni pamba na jua, hata pa kutandika mkeka hapana. Ikabidi tumbebe kila siku hadi kwa jirani yetu Minza. Yeye alihamia msimu mmoja nasi, akaanza na miti. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi mpaka siku ile. Alimlaza chini ya mipera, akamlisha papai kwa kijiko.

Lakini ulimi alikuwa nao. “Shemeji Masanja,” alisema, “lile bati lako linaiva lini, tuje tuchume?”



Siku moja mgonjwa akasema, “Nirudisheni, nikafie kwa mwanangu.” Tukamrudisha. Jua lilipokaza akaanza kuhema kama kuku, tukambeba tena mbio. Hakumaliza siku. Mama mwenye mwana, na mwana mwenye mji, akafia uani kwa watu. Hata matanga yalikaliwa huko, maana kwetu waombolezaji wangekaa wapi? Masanja alipokea pole za msiba wa mama yake akiwa mgeni.

Basi nisikilize. Ukipata kiwanja, hata kama unalala chini ya turubai, anza na miti ya kula. Mpapai, maana huzaa upesi; mpera kando yake; chini mbaazi na viazi; nyuma mzambarau, huo ni wa wajukuu. Na miiba usisahau. Nyumba utaijenga hata uzeeni, ila mti haukubali kuharakishwa. Usiseme utapanda ukishatulia. Ugonjwa haukuulizi kama umetulia. Na nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Leo mipera niliyopanda baada ya msiba inazaa mpaka mapera yanaoza, na ninajivuna nayo. Lakini aliyeistahili hakuonja hata pera moja.

Nenda, mwanangu. Mungu ainyeshee miche yako, na wazee wako wazeekee uani kwako, na siku yao ikifika, wafie hapo hapo.