Ordinateur Yangu Iliponyamaza

Mnicheke tu, nimestahili. Natengeneza mialiko ya harusi kwenye ordinateur, yaani kompyuta, ndani ya kibanda cha mbao hapa Kisangani. Upande wa pili wa ukuta anashona Mama Zawadi, mwenye umri wa mama yangu. Ordinateur ni ya zamani; umeme, au courant kama tunavyosema hapa, ukirudi, alimentation yake, kile kisanduku cha kuingiza umeme, inanguruma kama moulin ya pondu, mashine ya kusagia majani ya muhogo. Na kila iliponguruma, Mama Zawadi aligonga mbao.

Nikawaza, maskini, namchosha na makelele. Bon, nikachomoa waya, nikaiacha alimentation ilale siku nzima, halafu nikaifungua, nikapangusa vumbi na kuweka ventilateur mpya, ile feni yake ndogo. Jana asubuhi umeme uliporudi, ordinateur iliwaka kimya kama mutoto aliyeshiba. Mama hakugonga. Kutwa nzima nilifanya kazi nikijiona mtu mwema kuliko wote katika mtaa wetu.

Jioni nikaenda kwake, kusema kweli, kupokea shukrani. Nilimkuta ameshika pasi baridi, gauni la bibi harusi limejikunja magotini.

“Courant haiyafika leo, papa,” akaniambia kwa upole. “Na harusi iko kesho. Hata mashine yako sikuisikia. Siku zote ikinguruma nachomeka pasi, halafu nakugongea, kukuambia aksanti.”

Nilichukua waya wa pasi, nikauchomeka ukutani. Taa ndogo nyekundu ya pasi ikawaka, tukabaki tunaiangalia wote wawili.