Mluzi wa Saa Kumi na Moja

Kuna sauti niliiua kwenye redio yangu, nikajisifu siku kumi na tisa. Kisha nikaitwa msibani.

Naandika humu jukwaani kwa sababu humu hakuna anayenijua. Nianze mwanzo, msije mkapotea njiani.

Mimi ni mtu wa redio. Siyo ya kusikilizia taarifa ya habari, ni ile ya kuongea: una leseni, una waya juu ya bati, unampata mtu wa mbali kwenye masafa mafupi. Hakuna anayelipwa. Ni ugonjwa tu, na mimi niliambukizwa na baba.

Baba alikuwa fundi wa mitambo enzi za kutuma ujumbe kwa nukta na vistari. Alipostaafu alibaki na kitufe chake cha shaba cha kugongea ujumbe huo. Nilipohamia mji mwingine kikazi, tukawa tunakutana hewani kila siku saa kumi na moja jioni. Simu tulikuwa nazo. Ila kwenye simu baba aliuliza hali na kukata. Hewani alikuwa na maneno.

Kisha kikaja kiharusi.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaishi na baba, ndiye aliyenipigia.

"Kaka, upande wa kulia umekufa wote. Na ulimi. Haongei."

Nilikwenda, nikakaa siku nne. Alikuwa kitandani, ananitazama. Sikulia. Ruhusa ikaisha, nikarudi kazini. Watu wakanipa pole, nikapokea kama mtu anayepokea risiti.

Saa kumi na moja ikifika bado nilikaa kwenye redio. Mazoea yana tabu. Nilisikiliza wengine wakipiga soga, mimi kimya.

Wiki ya tatu ndipo mluzi ulipoingia.

Mwembamba, ulionyooka, palepale kwenye masafa yetu. Unalia, unakatika, unalia tena. Robo saa hivi, basi, mpaka kesho.

Nikasema, haya, nimepata kazi.

Adui wa mtu wa redio anajulikana: chaja, taa za bei rahisi, vifaa vya umeme vya ndani. Nikazima umeme nyumba nzima, redio nikaiwasha kwa betri. Mluzi upo. Nikavalisha nyaya pete nyeusi za kuzuia kelele. Upo.

Nikaenda kwa jirani, mama mshonaji.

"Mama, samahani, hiyo taa ya cherehani ni mpya?"

"Mpya. Umekuja kuipongeza?"

"Naomba uizime dakika tano."

"Na mimi naomba uniambie bibi harusi wa Jumamosi atavaa nini."

Aliizima, lakini, huku anacheka. Nikarudi mbio. Mluzi upo.

Nikampigia mzee mmoja wa hewani, tunamwita Bwana Koili, mtengenezaji wa redio. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kelele za nyumbani zinakoroma, zinatambaa," akasema. "Huo umetulia mno. Tafuta kwanza unakotoka."

"Nimechoka kutafuta, mzee wangu. Nataka kuukata."

"Kukata ni rahisi. Haya, kata."

Kwetu hiyo ndiyo sheria ya kwanza: tafuta chanzo, chujio liwe la mwisho. Niliijua, nikairuka.

Nikaunda chujio. Koili moja, kapasita mbili na kirungu cha kuzungusha, vyote ndani ya kopo la rangi ya viatu. Linakata sauti moja tu. Unazungusha polepole, mluzi unakonda, unakonda, unapotea, na maongezi ya watu yanabaki safi.

Niseme ukweli, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kwanza tangu kiharusi. Nikapiga picha lile kopo, nikairusha kwenye kundi letu la watu wa redio, wakanimwagia sifa.

Siku kumi na tisa nikasikiliza raha mstarehe. Siku ya ishirini mdogo wangu akapiga simu asubuhi.

"Kaka, baba ametutoka."

Tukazika. Nilishika koleo, nikashukuru watu, nikapanga viti. Kila mtu akasema nina moyo mgumu.

Baada ya mazishi nikaingia chumbani kwa baba. Kiti kilikuwa mbele ya redio, kimefungwa mto kwa shuka ili mtu asianguke. Kitufe cha shaba kilikuwa kimehamishiwa upande wa kushoto wa meza.

"Nani amehamisha hiki?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Mimi. Aligoma kula mpaka nimkalishe hapo. Alinielekeza kwa macho. Kila siku saa kumi na moja namvalisha hedifoni, anaweka mkono wa kushoto."

"Anatuma nini?"

"Sijui mambo yenu. Zamani kilikuwa kinagonga haraka haraka. Safari hii alikuwa anakandamiza tu, mpaka mkono unachoka. Anaachia, anasikiliza. Anakandamiza tena."

Kitufe kikikandamizwa bila kuachiwa, anayepokea anasikia mluzi. Mwembamba, ulionyooka.

Nikakaa kitandani. Nilisubiri kitu kinipige kifuani, hakikuja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe ndiye unayeongea naye? Nilijua unamsikia." Akakunja shuka la kile kiti, akakunjua, akakunja tena. "Ila siku za mwisho alikuwa anakaa sana. Anasubiri. Nikaanza kuogopa kwamba anabonyeza bure. Ulikuwa unamjibu, kaka, eti?"

"Nilimjibu," nikasema. "Kila siku."

Akafumba macho. "Ahsante. Sasa nitalala."

Akanishika bega, akatoka kuwapelekea watu chai. Nikabaki mle ndani mpaka wakaja kuniita.

Mpaka leo machozi hayajaja. Siyo ushujaa, hayaji tu. Bwana Koili nilimweleza. Akaniuliza kama nimekula.

Nanyi mnapenda simulizi iwe na funzo, basi chukueni hili: kitu kikikusumbua kila siku saa ileile, usiulize tu ni kitu gani. Uliza ni nani. Mimi niliuliza taa, chaja na cherehani ya watu, nikamruka mtu wangu mwenyewe.

Mdogo wangu hasomi humu. Mkija kumjua, mwacheni alale.