Laini Kuliko Firigisi

Kuku akichinjwa kwetu, firigisi ni ya mzee wa boma. Sisi tunaiita imondo. Haiombwi wala haigawanywi. Inawekwa tu juu ya nyama nyingine, nawe unaiona kabla hujamaliza kunawa mikono. Mimi nilianza kuwekewa imondo mwaka ambao baba yangu alizikwa, na tangu hapo sijawahi kula kuku bila kuitafuta kwanza kwa macho. Ndiyo maana Jumapili ile, Kitale, sahani ilipofika mbele yangu, niliona tu mahali ambapo imondo haikuwepo.

Palikuwa na paja, maini, mchuzi mzuri na ugali wa wimbi uliokuwa bado unafuka moshi. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliinua paja kwa kidole nikachungulia chini yake.

Nilikuwa nikikaa kwa mwanangu wa mwisho. Shamba letu liko Tongaren, upande wa Bungoma, na huko anaishi kifungua mimba wangu na mke wake. Baada ya mama watoto kufariki, presha yangu ilipanda, daktari akataka niwe karibu na kliniki, basi huyu wa mwisho akanichukua Kitale. Yeye ni dereva wa lori la mahindi. Leo yuko Lwakhakha, kesho Eldoret, na nyumbani anaonekana Jumapili tu. Kwa hiyo aliyenitunza hasa alikuwa mke wake. Alinipikia, akanifulia, akanikumbusha dawa, na kabla ya hayo yote alikuwa ameshafungua kibanda chake cha nafaka sokoni.

Nilitazama sahani ya mwanangu. Mabawa na shingo. Imondo haikuwa huko pia. Mke wake hali nasi mezani, kwa sababu baba mkwe na mke wa mtoto hawali pamoja, yeye hula jikoni. Nikakumbuka kwamba asubuhi hiyo kaka yake alikuwa amepita. Aliingia moja kwa moja jikoni, akakaa kidogo, akatoka akijipangusa mdomo, akaniamkia kwa heshima nyingi. Heshima nyingi mno, nikawaza sasa. Mtu hamwamkii mzee hivyo bila sababu.

Kuuliza nisingeweza. Mzee anayeuliza imondo yake iko wapi ameshajishusha, hata akiletewa itakuwa ya kuombwa. Nikala nikanyamaza, lakini tangu siku hiyo nikaanza kuangalia kila kitu katika nyumba ile kama askari wa zamu. Chai ikichelewa, niliandika moyoni. Wakicheka jikoni kisha wakanyamaza nikikohoa, niliandika pia.

Mjukuu wangu yuko gredi ya tano. Jioni moja alikuja na kiti chake akakiweka karibu na changu. Mimi huniita kuka, yaani babu.

“Kuka, si unijaribu. Ticha amesema kesho kila mtu asimame aseme za kwao.”

“Za kwao gani?”

“Nani mkubwa kuliko nani, nini tamu kuliko nini. Watu na vitu. Lakini kwa Kizungu.”

Nilifika kidato cha nne, wakati ambapo watu waliofika huko hawakuwa wengi kijijini kwetu, na vivumishi vya Kiingereza vya kulinganisha nilivipenda tangu ujana. Big, bigger, biggest. Nilimfundisha kwa raha ya kweli. Nilimwambia kwamba hakuna kitu kinachoitwa kikubwa peke yake, mpaka ukisimamishe karibu na kingine. Yeye akatazama huku na huku akaanza.

“Father is taller than Kuka.”

Sawa, baba yake ananizidi urefu, hilo halina ubishi.

“Kuka is slower than the cat.”

Jikoni mama yake akapasua kicheko. “Wewe mtoto, wacha kuka yako!” alisema, lakini alikuwa bado anacheka.

Hapo raha yangu ikakatika. Niliwaza kwamba mtoto wa umri ule hatoi maneno hewani, anaokota yaliyoanguka kutoka kwa wakubwa. Kama mimi ni wa polepole kuliko paka, basi kuna siku mimi na paka tuliwekwa kwenye mizani moja, na paka akashinda. Nikaona kwamba nimepata mlango. Kile nisichoweza kuuliza kama mkwe, nitakiuliza kama mwalimu.

“Endelea,” nikasema kwa sauti ya chini. “Linganisha mama yako na shangazi yako wa Tongaren.” Hivyo ndivyo anavyomwita mke wa kifungua mimba wangu.

“Mum is faster than Auntie.”

“Kwa nini faster?”

“Si yeye hukimbia kila mahali.”

“Haya. Katika nyumba hii, nani ndiye ‘the most important’, muhimu kuliko wote?” Nilimkazia macho. Nilitaka kusikia ninalopaswa kusikia.

Aliuma kalamu. “Hiyo sijui. Lakini najua the most tired. Ni Mum.”

Nililiacha hilo la uchovu lipite. Halikuwa lile nililokuwa nikiliwinda. Nikamwambia tuhamie kwenye vyakula, na nikautaja kwa makusudi mlo wa Jumapili. Akajibu haraka, kama mtu anayesema jambo analolijua vizuri.

“Liver is softer than gizzard.”

Maini ni laini kuliko firigisi. Niliweka kikombe chini.

“Hiyo umeitoa wapi?”

“Kwa Mum. Alisema siku hiyo akikata kuku.”

“Alikuwa anaambia nani?”

“Alikuwa anajiambia tu.”

Watu hawajiambii. Nililala na sentensi ile nikaamka nayo. Kwangu ilikuwa ushahidi kwamba imondo ilizungumzwa jikoni, kwamba haikusahaulika bali iliamuliwa, na kwamba kisingizio kilikuwa kimeshatayarishwa ili mzee akiuliza aambiwe maini ni laini. Sikujiuliza hata mara moja ni laini kwa nani.

Kuku aliyefuata alichinjwa mwanangu aliporudi kutoka Lwakhakha. Sahani ilikuja na maini tena. Mkaza mwanangu alikuwa ameinama mbele yangu akinimwagia maji ya kunawa kutoka kwenye jagi, beseni mkononi mwingine. Nilingoja mpaka nikaona mwanangu anasikia.

“Mama,” nikamwambia, “Tongaren wananijua mimi ni nani. Mke wa mkubwa wako ananiheshimu kuliko wewe.”

Kwetu mzee anaweza kumkemea mke wa mtoto wake. Anaweza kukataa chakula chake, anaweza hata kuhama. Lakini wake wa watoto wako huwasimamishi pamoja ukawapima. Ukimpima mmoja kwa mwenzake, umewatenganisha watoto wako mwenyewe, na wajukuu watakua wakijua upande wao. Mimi nililijua hilo kabla sijaota ndevu. Nililisema hata hivyo, tena kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Aliendelea kunimwagia maji ingawa mikono yangu ilikuwa safi, mpaka jagi likaisha.

“Sawa, baba,” akasema, akarudi jikoni.

Mwanangu alinitazama. “Sasa hiyo ni nini, mzee?”

“Kula,” nikamwambia.

Asubuhi nilichukua koti langu na mfuko wa dawa nikaenda Tongaren.

Nilipokewa vizuri. Mke wa kifungua mimba wangu ni mwanamke wa sauti kubwa na moyo mwepesi, na alichinja jogoo siku hiyo hiyo. “Karibu nyumbani, baba! Huko town wamekukondesha bana, wanakulisha nini, ukuta?” Nami sikumkatiza. Sahani ilipokuja, imondo ilikuwa juu kabisa, nzima, imechomwa kidogo ikang'aa. Nilihisi mwili wangu ukinyooka kwenye kiti.

Nikaitia mdomoni.

Meno niliyobaki nayo yako upande mmoja, na hayatazamani. Niliizungusha imondo mpaka mashavu yakauma. Nikaipeleka kulia, nikairudisha kushoto, nikajaribu kuimeza, nikaogopa. Kifungua mimba wangu alikuwa akinieleza habari za mbolea na mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa tu. Alipogeuka kuita maji, niliitoa kwa leso nikaisukuma ndani ya mfuko wa koti. Mkono wangu ulifanya kazi hiyo bila kunisumbua, kwa ustadi, kama mkono uliozoea. Hata hilo halikunishtua wakati ule.

Kilichonishtua kilikuja siku ya kufua. Nilikuwa nimeketi kwenye kivuli cha ghala la mahindi, nikasikia ile sauti kubwa ikiita kutoka kwenye karai.

“Baba! Hii koti yako iko na nyama! Ama unaweka akiba ya njaa?”

Jirani aliyekuwa akipita barabarani alisimama akacheka. Mke wa mwanangu akaiinua imondo ile juu jirani aione, kavu, imeshika nyuzi za mfuko. “Imondo imekuwa sweta!” akasema. Hakuwa na ubaya wowote. Kufikia jioni nyumba zote za karibu zilikuwa zinajua kwamba mzee ameshindwa na imondo.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kimawazo. Nilikuwa Kitale, nikiutazama ule mkono wangu mzoefu. Imondo zote nilizopewa Kitale kabla ya ile Jumapili nilizifanya hivyo hivyo: leso, mfuko, kisha namtupia paka nikikumbuka. Na mara nyingi sikukumbuka. Koti lile lile lilikuwa likifuliwa Kitale. Aliyelifua alikuwa akiingiza mkono mfukoni na kukuta ninachokificha, kila mara, na hakuita kutoka kwenye karai. Hakumwambia mume wake. Hakumwambia hata mtoto, alijiambia mwenyewe tu wakati anakata kuku. Alikuwa ametafuta kwenye kuku yule kitu ambacho mzee asiye na meno angekula bila kujificha, akaniwekea.

Na mimi nilikuwa nimempima kwa mwenzake mbele ya mumewe.

Nilirudi Kitale kabla mtu hajaniuliza. Mkaza mwanangu alinipokea mlangoni, akachukua mfuko wa dawa, akauliza hali za Tongaren na kumjulia hali mke wa mkubwa wake. Hakukuwa na kosa lolote katika maneno yake. Ndiyo maana niliogopa. Alikuwa anazungumza nami kama mtu wa ofisini anavyozungumza na mtu ambaye hataki kesi naye.

Kuku alichinjwa. Mwanangu hakuwepo, alikuwa safarini. Mjukuu alileta sahani, na imondo ilikuwa katikati, peke yake, nyama nyingine zimesogezwa pembeni. Maini hayakuwepo. Mama yake alisimama kwenye mlango wa jikoni, taulo begani.

“Karibu, baba. Ni kama ya kule.”

Akarudi ndani. Nikaitazama imondo. Ningeweza kuila kwa njia yangu ya leso, naye angeikuta mfukoni, na tungeendelea hivyo, mimi nikiheshimiwa na yeye akinyamaza, mpaka wanipeleke kaburini. Zamani kwetu wanawake hawakula kuku, seuze imondo. Mama yangu alikufa bila kuijua ladha yake. Niliwaza hilo, kisha nikamwita mjukuu.

“Peleka hii kwa mama yako.”

“Imondo?” Macho yalimtoka. “Kuka, hii si ni yako?”

“Mwambie meno yameisha. Mwambie amekuwa akijua, na mimi sikujua kwamba anajua. Na ile ya kusema mwingine ananiheshimu kuliko yeye, mwambie nilidanganya. Yaseme yote, usiruke.”

Alikwenda. Nilisikia sauti yake ndogo jikoni ikiyapanga maneno kama somo. Nilikaa mbele ya sahani yangu nikisikiliza, na nakiri kwamba hata hapo nilikuwa nashuku. Niliwaza labda anatikisa kichwa. Labda anaitupa. Labda itarudi kama ilivyokwenda, na huo ndio utakuwa mwisho wangu katika nyumba hii.

Kijiko kikagonga sufuria. Mtoto akatoka akibeba sahani ndogo kwa mikono miwili, na juu yake kulikuwa na maini, yale ambayo mama yake alikuwa amejiwekea.

“Amesema ukule ikiwa bado moto.”

“Na imondo?”

“Anaitafuna.” Mtoto akaketi karibu nami, akashusha sauti. “Ameuma pole pole, halafu amesema, kumbe ni ngumu hivi.”

Nikala. Jikoni, nyuma ya ukuta, mkaza mwanangu alikuwa bado anatafuna, na mimi nilimaliza kabla yake.