Mjusi na Mkaguzi wa Ngozi

Watu wa mtaani walimwita Mjusi, na jina hilo alilipata kihalali. Dirisha la chumba chake lilitazama kichochoro, na kila aliyechungulia aliona kitu kile kile: mwanamume wa miaka thelathini na sita, mgongo umepinda, kalamu isiyo na wino mkononi, na mbele yake, kwenye kompyuta, mnyama mkubwa mwenye shingo ndefu akizungushwa polepole hewani. Leo hana ngozi, kesho ana ngozi nusu.

Kazi yake ilikuwa kuwavisha ngozi dinosaria. Huko kwenye studio ya filamu iliyomwajiri, wengine walichonga mifupa na misuli ndani ya kompyuta, wengine wakawafanya watembee. Yeye aliletewa mwili ukiwa mweupe kama chokaa, akautia rangi, magamba, mikunjo na makovu, mpaka anayetazama atamani kuugusa. Studio ilikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Kazi ilikwenda na kurudi kwa mtandao, yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Kilichomzuia kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Baba yake alikuwa mkaguzi wa ngozi kiwandani kwa miaka thelathini na moja. Ngozi mbichi zikiteremshwa, ndiye aliyezipitishia kiganja na kusema hii daraja la kwanza, hii la pili, hii haifai hata kwa soli. Kisha kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Mama alikuwa ameshatangulia. Watoto wakakaa kikao: kaka mkubwa yuko ng'ambo, dada ni mwalimu, ana watoto na anaishi mbali, na Mjusi, kitinda mimba, si kazi yake inafanyika popote? Wakakubaliana akae na mzee miezi mitatu, halafu wapokezane. Miezi mitatu hiyo sasa ilikuwa inaingia mwaka wa nne.

Daktari alisema mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatokwa na vidonda mgongoni. Kwa hiyo siku ya Mjusi ilikatwa vipande vya saa mbili mbili, na hakuna safari ya maana inayoingia humo. Mzee akitaka maji aligonga ukuta kwa rimoti mara mbili. Akitaka kugeuzwa, mara tatu. Akigonga mfululizo, ni hasira tu. Kulikuwa na mchumba aliyevumilia mwaka mzima, mwisho akasema, "Wewe una mke tayari, yuko nyuma ya ukuta huo anagonga." Walicheka wote wawili. Hakurudi tena.

Mwaka huo studio ilikuwa inatengeneza filamu fupi ya makumbusho, na yule mwenye shingo ndefu ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Mjusi alimvisha ngozi, akarudishiwa. Akamvisha upya, akarudishiwa. Mara ya tatu msimamizi, mama asiyependa maneno mengi, aliandika mstari mmoja: "Bado anaonekana wa mpira."

Siku hiyo alipokwenda kumgeuza mzee alikuwa amenuna, na mzee akaona. Mjusi akampandisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma hadi mbele ya kompyuta. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Maneno yalimtoka taratibu, yamelegea upande mmoja, lakini yalieleweka.

"Huyu hajawahi kulala chini."

"Unasemaje, baba?"

"Mnyama akilala anaota sugu. Magotini, kifuani. Huyu wako goti lake kama shavu la mtoto mchanga. Hebu mgeuze." Mjusi akamzungusha. "Kwapani umeweka ngozi nene. Nani kakuambia? Kwapani ni nyembamba, ina mikunjo, ndiko kupe wanakojificha. Kupe wako wapi?"

"Baba, huyu ni dinosaria. Miaka milioni mia na hamsini iliyopita."

"Kwani hakuwa na damu?"

Mjusi akashika kalamu. Wakafanya kazi hivyo wiki tatu, mzee kwenye kiti, mwana kwenye stuli. Mzee alionyesha kwa mkono wa kushoto mahali ambapo mti ungemkwaruza mnyama mrefu vile, mahali ambapo jua lingempausha, mahali ambapo kovu la zamani lingevuta ngozi ya jirani. Alikuwa mkali kama alivyokuwa kiwandani. "Daraja la tatu hilo. Rudia." Zilikuwa siku nzuri, Mjusi mwenyewe alikiri. Lakini hata ule ukuta uliompa angalau saa mbili za upweke ulikuwa umeondoka.

Studio ilimpokea yule mnyama bila neno la lawama. Siku ya Jumatatu msimamizi akapiga simu.

"Tunaanza filamu ndefu. Nataka uje uongoze watu wa ngozi. Watakuwa sita chini yako."

"Nitaweza kufanya nikiwa hapa?"

"Hapana. Faili za kazi hii hazitoki nje ya jengo. Nijibu kabla ya Ijumaa."

Akampigia dada. Dada akasikiliza, akashusha pumzi. "Mdogo wangu, mimi nina darasa la watoto sitini, na nyumbani ninao wanne. Wewe angalau kazi yako ni ya kukaa." Kaka alituma ujumbe wa sauti, nyuma yake magari yanapita: "Kaza buti, mdogo wangu. Baraka za mzazi hazinunuliwi." Ukaisha hapo.

Alhamisi asubuhi alimgeuza mzee, akasema anakwenda kununua mkate. Aliupita mlango wa duka. Akatembea hadi kituo cha mabasi, akaketi kwenye benchi la abiria akitazama watu wakipandisha mizigo. Basi la kwenda mji wa studio liliwasha injini. Kondakta akamuuliza, "Bosi, unapanda?" Basi likaondoka, naye akaendelea kukaa. Hakuwa akiwaza chochote, alisema baadaye. Alikuwa amekaa tu, na hakuna aliyegonga.

Alipotazama saa yake, zilikuwa zimepita saa tatu na nusu tangu atoke nyumbani. Akakimbia.

Mzee alikuwa amejaribu kujigeuza mwenyewe. Nusu ya mwili ilikuwa kitandani, nusu inaning'inia, shavu limegandamizwa kwenye kabati, shuka limelowa. Mjusi akamwinua, akamsafisha, akambadilisha nguo. Nyongani palikuwa na doa jekundu, upana wa kiganja. Akapaka mafuta.

"Nilijua umekwenda," mzee akasema.

"Nilikwenda."

"Mbona umerudi?"

Hapo Mjusi akaketi sakafuni na kumweleza yote: simu, watu sita, Ijumaa, benchi. Akasema, "Nimechoka, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

"Na mimi nimechoka," mzee akajibu. "Unadhani napenda kuvuliwa suruali na mtoto wangu? Nipe simu."

Mzee mwenyewe akaongea na dada. Hakubembeleza. "Ninahamia kwako. Njoo unichukue."

Ijumaa ikapita Mjusi hajaijibu studio; alitaka kwanza amwone dada mlangoni. Dada alifika Jumamosi, macho mekundu kwa safari. Alimgeuza mzee mara moja, peke yake, kwa kuwa Mjusi alikataa kumsaidia, na alipomaliza akakaa kando ya kitanda akihema. Ndipo aliposema kile ambacho wote walikuwa wamekisahau: anaishi ghorofa ya nne, na lifti haifanyi kazi. Mzee angepandishwa mara moja tu, na asingeshuka tena akiwa hai. Wakajadili mpaka mchana. Mwisho dada akakata shauri: mzee abaki hapa, na kila likizo ya shule angekuja yeye, siku kumi.

Jumatatu Mjusi akapiga simu studio. Msimamizi akamwambia nafasi imeshachukuliwa, ila kazi ndogo ndogo ataendelea kutumiwa. Akamshukuru. Akakata simu, akaketi akitazama kompyuta iliyozimwa, mpaka ukuta ukagongwa mara mbili.

Likizo ilipofika, dada akaja kama alivyoahidi. Mjusi akapanda basi, akaenda kwenye makumbusho, akamwona mnyama wao akitembea kwenye ukuta mrefu, mkubwa kuliko nyumba. Aliitazama filamu hiyo mara saba kwa siku mbili, mpaka mlinzi akaanza kumsalimia. Siku zilizobaki alizurura. Hakujua afanye nini na mikono yake.

Siku ya kumi akarudi. Mzee alikuwa amelala usingizi. Dada alikuwa ameshavaa viatu, begi liko mlangoni.

"Amegeuzwa saa sita," akasema, akampa funguo.